Jumapili za Woody Strode katika ukumbi wa video wa Bondeni, Nakuru

Kiingilio ni shilingi 50. Ukilipa unapata filamu nzima, kikombe cha chai ya maziwa na nafasi kwenye benchi, na ukiwahi unapata kiti cha plastiki chenye mgongo. Ukumbi wenyewe uko Bondeni, hapa Nakuru: mabati juu, kuta za ndani zimepakwa rangi nyeusi, gunia limening'inizwa mlangoni kuzuia jua, na televisheni kubwa imefungwa ukutani mahali ambapo wanaokaa mbele lazima wainue shingo. Siku za wiki wanaonyesha yale yale ya kumbi zote za video, muvi za mapigano zenye msimulizi wa Kiswahili na mpira wa Uingereza. Mimi naandika kuhusu Jumapili saa nane mchana, kwa sababu sijapata mahali pengine katika mji huu panapofanywa kitu kama hicho.

Mama mwenye ukumbi huchagua mwigizaji mmoja na kuonyesha filamu zake Jumapili baada ya Jumapili, kuanzia ujana wake hadi uzee. Na hachagui steringi. Huchagua wale watu wa pembeni ambao sura zao unazijua lakini hujawahi kuuliza wanaitwa nani: daktari mlevi wa filamu za kauboi, karani wa mahakama, mpangaji wa chumba cha jirani, mtumishi anayefungua mlango. Hollywood ya zamani ilijaa watu hao, na wako walioigiza filamu zaidi ya mia bila jina lao kuandikwa la kwanza hata siku moja. Safari hii mama alimchagua Woody Strode. Nilipoona jina hilo limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni nilibadilisha saa za mazoezi ya vijana wangu ili tuje pamoja.

Nifafanue: mimi hufundisha ndondi hapa mtaani. Kwa hiyo nikitazama filamu ninaangalia miguu kwanza, halafu mabega, na uso mwisho. Waigizaji wengi wanaojifanya wapiganaji hawaponi kwa mtazamo huo. Miguu inawasaliti. Strode hasalitiki, na sababu yake ni maisha aliyoishi kabla ya kamera kumzoea.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914. Katika chuo kikuu cha UCLA alicheza futiboli ya Kimarekani bega kwa bega na Kenny Washington na Jackie Robinson, yule Robinson ambaye mwaka wa 1947 aliwafungulia weusi mlango wa ligi kuu ya besiboli. Mwaka wa 1939 timu yao haikushindwa hata mechi moja. Lakini ligi ya kulipwa, NFL, haikuwa imechezesha mtu mweusi tangu msimu wa 1933. Halafu mwaka wa 1946 Rams, timu ya ligi hiyo, walihama kutoka Cleveland hadi Los Angeles wakitaka kuchezea Coliseum, uwanja uliojengwa kwa pesa za umma, na waandishi weusi wa magazeti ya mji ule wakasimama kuuliza ni vipi uwanja wa umma utakodishwa kwa timu inayowafungia nje raia. Washington akasajiliwa, kisha Strode. Mlango ukafunguka, lakini ulifunguka Strode akiwa anakaribia kutimiza miaka 32. Rams walimweka msimu mmoja tu na mpira hawakumpa sana. Akavuka mpaka kwenda Canada, na timu yake ya Calgary ikamaliza mwaka wa 1948 bila kushindwa na ikatwaa Kombe la Grey, la ubingwa wa futiboli ya kule. Kisha akaingia mieleka ya kulipwa. Mwili unaouona kwenye skrini ulijengwa huko, wala si kwenye chumba cha mavazi.

Jumapili ya kwanza mama alionyesha Sundown ya mwaka wa 1941, na hapo ukumbi mzima ulikaa wima, kwa kuwa hadithi yenyewe inatokea Kenya. Ni wakati wa vita, maofisa wa Kiingereza wako kwenye kituo cha mbali kaskazini, kuna silaha zinazoingizwa kwa siri, kuna Gene Tierney akiwa mrembo wa misafara. Strode ni askari wa kabila. Anasimama nyuma, mrefu kuliko wote, na hapewi neno la maana. Milima na mchanga ule ni wa Marekani, maana hakuna aliyeleta kamera huku kwetu. Mzee mmoja benchi la nyuma, ambaye baba yake alikuwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na alipigana na Waitaliano mwaka huo huo wa 1941, aliuliza kwa sauti kwa nini askari wale hawana hata jina. Swali lake lilikaa nami msimu mzima. Mtu aliyekuja kuwa mmoja wa waigizaji wenye heshima kubwa machoni pangu alianza kazi akiigiza Mkenya asiye na jina.

Hapo pia ndipo nilipopata lalamiko langu la kwanza. Filamu za miaka ile zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, na televisheni ya ukumbi ni pana. Kijana wa rimoti alikuwa ameivuta picha ijae pande zote mbili. Matokeo yake Strode, mtu wa mita 1.93, alionekana mfupi mnene kama pipa, na gari likipita magurudumu yake yalikuwa mayai. Nilimwendea nikamwomba arudishe umbo la picha. Akabonyeza, kingo nyeusi zikatokea kulia na kushoto, na wa mbele wakaanza kupiga kelele kwamba televisheni imekatwa. Mama alitoka jikoni, akatazama kidogo, akasema iachwe hivyo hivyo. Tangu siku hiyo filamu za zamani zinaonyeshwa kwa umbo lake. Naliweka hili upande wa sifa: ukiwaambia jambo wanasikia.

Zilizofuata nitazipita haraka. Kuna Androcles and the Lion ya 1952 ambamo Strode ndiye aliyemo ndani ya ngozi ya simba, hata uso wake huuoni. Kuna The Ten Commandments ya 1956 ambamo ni mfalme wa Ethiopia kwa dakika chache. Kuna filamu za Tarzan. Mama alizionyesha vipande tu, akisimamisha na kuendelea, na nadhani alifanya vyema. Ni miaka mingi ya kusimama kifua wazi nyuma ya watu wanaoongea, na ukiiona yote kwa mpigo unaelewa ni kiasi gani alikuwa amekibana kifuani siku alipopewa nafasi.

Nafasi hiyo ni Spartacus, 1960, chini ya Stanley Kubrick, na Kirk Douglas ndiye steringi, Spartacus mwenyewe, na ndiye mwenye mradi. Strode ni Draba, gladieta, yaani mtumwa wa kupiganishwa mbele ya Warumi, kutoka Ethiopia. Ukimhesabia dakika zake kwenye filamu ya zaidi ya saa tatu, ni chache mno. Lakini muulize yeyote aliyekuwa pale Jumapili ile ni nani anayemkumbuka.

Nitaeleza kipande kimoja kwa kirefu kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Matajiri wa Kirumi wamefika kwenye chuo cha magladieta wakitaka kuonyeshwa watu wawili wawili wakipigana hadi kufa. Draba na Spartacus wamepangiwa zamu ya pili. Wanafungiwa kwenye kibanda cha mbao wakingoja, wanatazamana ana kwa ana, na kupitia nafasi za mbao wanasikia wenzao wawili wakipigana nje. Hakuna maneno. Douglas ametokwa na jasho na macho yake yanakimbia huku na huku. Strode ametulia. Mikono iko magotini. Pumzi inaingia na kutoka taratibu, mabega hayapandi. Halafu, kwa muda mfupi sana, anatoa tabasamu. Mapema katika filamu Spartacus alimuuliza jina lake naye akakataa kumwambia, akamweleza kwamba magladieta hawafanyi urafiki kwa kuwa kesho huenda wakalazimika kuuana. Sasa kesho imefika. Nimekaa na mabondia kwenye vyumba vya kungojea kwa miaka mingi, na ninakwambia mtu aliyeketi vile ameshaamua jambo. Vijana wangu waliliona bila kuambiwa. Mmoja alininong'oneza, "Kocha, huyu hatamuua." Pambano lilikuwa bado halijaanza.

Kisha wanatolewa. Draba ana wavu na mkuki wa ncha tatu, Spartacus ana upanga mfupi na ngao ndogo. Tazama miguu ya Strode. Hazivuki hata mara moja nyayo zake, anazunguka kwa hatua fupi, uzito uko nyuma, mkono wa mkuki hauko mbali na nyonga. Anambana Spartacus ukutani, ncha za mkuki ziko kooni, na kule juu mabibi wa Kirumi wanaashiria amalize. Anageuka. Mkuki ule anaurusha kwa Warumi wenyewe, anaupanda ukuta kuwafuata, mlinzi anamchoma mgongoni, na Laurence Olivier akiwa Crassus anamkata shingoni. Baadaye maiti yake inaning'inizwa kichwa chini ili wenzake waione kila wanapopita, na hapo ndipo uasi wote unapozaliwa. Filamu inaitwa kwa jina la mwingine, lakini bila Draba hakuna Spartacus.

Msimulizi, kijana ambaye wateja humwita DJ, alifanya kazi nzuri sana siku hiyo. Anafuata mtindo ambao DJ Afro aliueneza nchini, wa kuongea juu ya filamu kwa Kiswahili cha mtaani, kuwapa wahusika sauti, kuchochea watu. Kwenye pambano alipandisha sauti na kuishusha kama mtangazaji wa redio. Na kwenye kile kibanda cha mbao alisema sentensi moja tu, kisha akanyamaza. Sijui kama alipanga au kama na yeye alishikwa na kile tulichokuwa tunakitazama.

Kwa kazi hiyo Strode alipendekezwa kuwania tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji msaidizi. Hakuipata, na Oscar hakuwahi hata kutajwa. Kwa watu wa mji huu hilo linaeleweka kwa njia yake. Philip Waruinge, aliyetokea klabu ya ndondi ya Nakuru, alitoka Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968 na medali ya shaba, lakini Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi kuliko wote wa mashindano yale, lilikuwa mkononi mwake na si mwa mshindi yeyote wa dhahabu. Mwaka wa 1960 kombe la namna hiyo kwa filamu halikuwepo. Lingekuwepo lingekuwa la Strode.

Mwaka huo huo mwongozaji John Ford alimpa Sergeant Rutledge. Strode ni sajini wa kikosi cha askari weusi wa farasi, anashtakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa kumnajisi na kumuua binti wa kizungu na kumuua babake. Cheo na jina la mhusika wake ndilo jina la filamu, lakini kwenye orodha ya waigizaji wa kwanza ni Jeffrey Hunter. Kuna mahali Rutledge ameshatoroka, amevuka mto, yuko huru, anaona Waapache, wenyeji wa asili wa Marekani, wakijiandaa kuvizia kikosi chake. Anageuza farasi na kurudi. Strode mwenyewe alijivunia kipande hicho hadi uzeeni, na nikiona anavyokaa juu ya farasi akivuka maji yale, naelewa. Kabla yake hakuna mweusi aliyepewa kuonekana hivyo katika filamu ya kauboi ya studio kubwa.

Na hapo sasa nina lalamiko zito. Tukiwa mahakamani, shahidi wa mwisho anahojiwa, ukweli uko mlangoni, picha ikazimwa. Mechi ya ligi ya Uingereza ilikuwa inaanza. Watu wa mpira walikuwa wamesimama mlangoni wakiwa na pesa zao, na kiingilio cha mpira ni cha juu zaidi. Ninaelewa biashara. Mama analipa kodi, stima na leseni, na kesi ya sajini mweusi wa mwaka wa 1881 haimlipii bili. Hata hivyo huwezi kumleta mtu hadi kizimbani ukamnyima hukumu. Wakati wa kuanza uliandikwa saa nane, tulianza saa tisa kasoro kwa kungoja benchi zijae, na dakika hizo ndizo zilizokosekana mwishoni. Saa nane iwe saa nane. Wakichelewa watakaa chini.

The Man Who Shot Liberty Valance, ya 1962, ilianza kwa wakati. Strode ni Pompey, mtu wa kazi wa John Wayne. Ni nafasi ya mtumishi, ile ile ambayo weusi walipewa Hollywood tangu zamani, lakini angalia Ford na Strode wanavyoitumia. Kuna darasa la watu wazima na watoto ambamo James Stewart, wakili kutoka mashariki, anafundisha wenyeji kusoma. Pompey anasimama kukariri Azimio la Uhuru la Marekani. Anaanza vizuri, kisha anakwama, na mahali anapokwama ndipo panaposema kwamba watu wote wameumbwa sawa. Anaomba radhi kwamba alikuwa anapajua, amesahau. Mwalimu anamjibu kwa upole kwamba wengi huwa wanasahau hapo. Muda si muda Wayne anaingia na kumtoa darasani arudi kazini. Strode anaigiza kukwama kule kwa aibu ya kweli, macho chini, kofia mkononi, mwanaume mzima wa miaka arobaini na kitu mbele ya watoto. Mwalimu mstaafu aliyekaa karibu nami alitikisa kichwa muda mrefu. Katika ukumbi uliojaa watu waliokariri mambo mengi shuleni, hakuna aliyecheka.

Katika The Professionals ya 1966 yeye ni mmoja wa watu wanne wanaokodishwa kwenda Mexico kumrudisha mke wa tajiri. Burt Lancaster ndiye mtu wa baruti, Strode ndiye wa upinde na wa kufuata nyayo, na mishale yake ndiyo inayobeba baruti za Lancaster. Vijana waliipenda kuliko zote. Mimi niliipenda kwa sababu moja: hakuna mhusika katika kundi lile anayemfanya mdogo. Ni fundi kati ya mafundi.

Sasa tuje kwa siku iliyokaribia kuharibika. Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone, ya 1968, inaanza na wanaume watatu wakingoja treni kwenye kituo kilichochakaa. Ni Strode, Jack Elam na Al Mulock. Kwa dakika kama kumi hakuna kinachotokea na hakuna anayezungumza la maana. Kinu cha upepo kinalia kwa kukosa mafuta. Nzi anamsumbua Elam usoni hadi anamnasa ndani ya mtutu wa bastola. Tone la maji linadondoka kutoka juu hadi kwenye upara wa Strode. Anatazama juu. Hasogei. Anavaa kofia na matone yanaanza kugonga juu yake, tap, tap, na yeye amesimama tu na bunduki yake fupi. Treni inapokaribia anaivua kofia na kuyanywa yale maji yaliyokusanyika ukingoni. Kisha Charles Bronson anateremka upande wa pili na harmonika yake, na muda mfupi baadaye wote watatu wamekufa. Huo ndio mchango wote wa Strode katika filamu ile. Ni mwanzo unaosifiwa na wapenzi wa sinema dunia nzima, na yeye anaufanya kwa kusimama.

DJ aliongea kwa dakika zote zile. Alimpa Strode sauti, akamfanya alalamike kuhusu joto, akamtungia mke aliyemwacha. Watu wachache walicheka mwanzoni, wakachoka. Tena picha ilikuwa imekuzwa ili kuondoa kingo nyeusi za juu na chini, na kwa kuwa Leone huwaweka watu pembezoni kabisa mwa picha, nusu ya uso wa Elam ilikuwa nje ya televisheni. Spika za ukumbi zina besi kubwa mno kwa mpira, lakini kwa filamu hii zingefaa sana: lile tone lingesikika kama nyundo. Hatukulisikia. Hatimaye mwanamke mmoja anayeuza mitumba na huja kila Jumapili na kijukuu chake alisema, kwa heshima kabisa, "Mwanangu, hebu tumuone huyu mzee kwanza." DJ akanyamaza. Tukalisikia tone moja la mwisho kabla treni haijafika.

Nilibaki baadaye kuzungumza nao, yeye na mama. Nilimwambia yule kijana kwamba Strode hakupewa maneno mengi katika maisha yake ya kazi, kwa hiyo alichosema alikisema kwa shingo, kwa mabega, kwa namna ya kugeuka. Ukiyajaza maneno yako pale umemfukuza kwenye filamu yake mwenyewe. Hakukasirika. Aliniuliza maswali ya maana: nitajuaje mahali pa kunyamaza? Nikamwambia atazame filamu mara moja akiwa peke yake bila maikrofoni, na popote ambapo mkono wake hautamani kuishika, aache.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Black Jesus, filamu ya Kiitaliano ya Valerio Zurlini ya mwaka huo huo wa 1968, na ndiyo siku bora kuliko zote nilizoketi kwenye benchi lile. Kufikia wakati huo Strode alikuwa ameanza kufanya kazi Italia, ambako walimpa kile Hollywood ilichomnyima, nafasi ya mbele. Anaigiza Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, kuteswa na kuuawa. Jina ni la kubuni lakini kila mtu anajua ni Patrice Lumumba wa Kongo, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Kenya ina kina Lumumba wengi waliopewa jina hilo na wazazi wao miaka ile, na mmoja wao, fundi wa baiskeli, alikuwa ameketi safu ya pili.

Askari wa Sundown asiye na jina alikuwa na miaka ishirini na kitu. Lalubi ana miaka hamsini na kitu, kichwa kimenyolewa, mifupa ya uso imejitokeza, na kamera inamkaribia kuliko ilivyowahi kumkaribia Marekani. Yuko selo na mwizi wa kizungu, na anayeteswa ndiye anayemfariji mwenzake. DJ alisimulia mwanzo, akaeleza kwa ufupi Kongo ilikuwa na nini wakati ule, wakoloni na mamluki, kisha kila Lalubi alipoachwa peke yake na kamera aliweka maikrofoni mezani. Mara ya kwanza nilisikia ikigusa mbao. Baada ya hapo sikusikia chochote ila filamu. Chai iliyokuwa imemiminwa ilipoa vikombeni. Ilipokwisha, fundi wa baiskeli alimwendea DJ akamshika mkono kwa mikono miwili, na mama akawasha taa bila kutangaza chochote.

Ukumbi mzuri wa filamu ni huo. Hauhitaji viti vya sufi. Unahitaji mtu aliyechagua kwa makini, umbo sahihi la picha, na msimulizi anayejua kwamba kazi yake ni kutusaidia kuona.

Za mwisho zilikuwa za kufurahisha zaidi. Boot Hill ya 1969 iliwaleta hata watoto kwa sababu ya Terence Hill na Bud Spencer, na wengi walikuwa wameshaiona bila kujua yule mweusi mrefu ni nani. Keoma ya 1976, pamoja na Franco Nero, ilionyeshwa ikiwa na mikwaruzo mingi na sikuipenda sana, ingawa uzee umeanza kumpa Strode sauti nzito isiyo na haraka. Posse ya 1993 inafunguliwa na yeye, mzee anayesimulia habari za makauboi weusi waliosahauliwa, na ni haki kabisa kwamba kazi hiyo alipewa mtu aliyempanda farasi wa sajini Rutledge. Alifariki tarehe 31 Desemba 1994, akiwa na miaka 80. Filamu yake ya mwisho, The Quick and the Dead, ilitoka baada ya kifo chake na ikatolewa kwa kumbukumbu yake. Na wazazi wenye watoto wadogo wajue: yule mwanasesere kauboi wa Toy Story, Woody, jina lake limetoka kwa Strode. Kijukuu cha yule mama wa mitumba aliposikia hivyo alidai kuonyeshwa picha yake tena.

Mambo ya kawaida kwa atakayekuja. Benchi ni gumu, beba kitu cha kukalia, hasa kwa filamu ndefu kama Spartacus, ambayo huonyeshwa mfululizo bila mapumziko. Choo kiko nyuma, ni kisafi, na ufunguo uko kwa mama. Stima ikipotea hurudishiwi kiingilio. Wanaandika jina lako na unaingia bure Jumapili inayofuata, na wametimiza hilo mbele ya macho yangu. Watoto huruhusiwa kulingana na filamu, na mama ni mkali kwa hilo: alimrudisha nyumbani mvulana wa jirani yangu siku ya Black Jesus, na alifanya sawa. Chai ni nzuri, mandazi ni ya asubuhi.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naishikilia hadi saa ya kuanza iheshimiwe. Mama ameniahidi kwamba Sergeant Rutledge itarudiwa yote Jumapili ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa saba na nusu ili mechi isiifikie, na DJ ameshaomba aitazame mapema peke yake. Baada ya hapo ubaoni litaandikwa jina jipya. Mimi nimempendekeza Thelma Ritter, aliyependekezwa kuwania Oscar mara sita na kuikosa mara zote sita. Mama alikuwa bado anatafuta filamu zake nilipoondoka, kwa hiyo kama unazo nyumbani, zipeleke Bondeni.